Mashini Iliyokufa Baada ya Amina

Nilirudi Kisangani kumwonyesha mama diploma yangu. Mpango ulikuwa mdogo: nikae kidogo, nile pondu, kisamvu cha nyumbani, kisha nipande tena meli kurudi Kinshasa kutafuta kazi. Mama aliitazama diploma pande zote mbili, akaipangusa kwa ncha ya kikwembe ingawa haikuwa na vumbi, akaitundika juu ya kabati la vyombo. Kabla sijamaliza kusalimia jamaa wote, vita ikaukata mto katikati. Meli zikasimama. Kule chini wakabaki wenye bendera yao na noti zao, na sisi huku juu tukabaki na askari wa kigeni, ndege za kutoka Goma, na chumvi iliyouzwa kwa kijiko. Wenzangu waliwalaani wakubwa. Mimi nilijiuliza jambo moja tu, tena kwa muda mrefu: kwa nini sikumtumia mama nakala?

Ndivyo nilivyo. Mtu akiniambia karibu, kwanza natafakari ametaka kusema nini.

Hata hivyo ni diploma hiyo hiyo iliyonipatia kazi. Mfanyabiashara mmoja kutoka Kivu ya Kaskazini, mwenye depo ya jumla karibu na soko kuu, alikuwa amenunua kompyuta kwa wazungu wa shirika fulani waliokuwa wakihama haraka. Siku zile kila mtu alinunua kitu kwa wazungu wanaohama: friji, magodoro, hata mbwa. Yeye alifika amechelewa, akakuta imebaki kompyuta na skrini mbili. Akaipeleka deponi, akaifunika kitambaa, ikakaa pale kama sanamu ya mtakatifu wakati wa Kwaresima. Aliposikia kwamba mtoto wa mama fulani amesomea mambo hayo, akaniita.

"Wewe ndiyo ingénieur?" akaniuliza.

Nikaanza kumweleza tofauti kati ya shahada yangu na ya mainjinia wenyewe. Akaniacha niongee mpaka nikachoka, kisha akasema, "Bon. Kesho asubui."

Depo ya huyo bwana, patron kwetu sote, ilikuwa na vyumba viwili vilivyotenganishwa na ukuta wa matofali. Chumba cha mbele ndicho chenye kaunta, wanapokuja wanunuzi wa rejareja kuchukua sabuni, sukari, chumvi na makayabu, wale samaki wa chumvi. Hapo alikaa binamu wa patron, binti wa shangazi yake, mwanamke mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Nilimwita yaya, yaani dada mkubwa. Chumba cha nyuma ndicho ghala, zinapoingia gunia na katoni kutoka uwanja wa ndege. Huko alikaa mtu wa mto, wa ukoo wa wavuvi wa Yanonge, aliyekimbilia mjini biashara ya mtoni ilipokufa. Alikuwa mkubwa kwa umri na kwa mwili, na aliandika kwa kidole kimoja, akikishusha juu ya herufi kama mtu anayechoma samaki kwa mkuki. Yeye nilimwita tonton, yaani mjomba.

Niliweka skrini moja na kibodi yake kwa yaya na nyingine kwa tonton. Waya wa kuziunganisha niliupitisha katika tundu ambalo kipande cha bomu kilitutobolea bure siku majeshi mawili ya wageni yalipogombana ndani ya mji usio wao. Kisha nikaandika programu. Ilikuwa moja, lakini kila mmoja alikuwa na yake mbele yake, na zote mbili zilisoma na kuandika mahali pamoja ndani ya kumbukumbu ya mashini. Ni kama ubao mmoja uliowekwa katikati ya ukuta: yaya anaandika kinachotoka, tonton anaandika kinachoingia, na kila mmoja anayaona ya mwenzake papo hapo. Nilijivunia sana ubao huo. Chuoni tuliusoma katika fotokopi iliyofifia, na profesa alituonya kwamba watu wawili wakigusa kumbukumbu moja lazima kuwe na utaratibu. Ukurasa wa utaratibu ndio uliokuwa umefifia kuliko yote. Nikajiambia kwamba vidole vya binadamu ni vya polepole mno kiasi kwamba mashini haitawaona kamwe wakiwa wawili.

Siku ya kwanza mashini ilifanya kazi vizuri mpaka saa sita mchana, ikafa. Kwenye skrini zikabaki herufi nyeupe, kosa la kumbukumbu kwa Kifaransa: *Erreur de segmentation*.

Patron akavaa miwani, akasoma polepole. "Erreur," akasema. "Erreur ya nani?"

Nikaiwasha tena, ikaenda bila shida mpaka jioni. Kesho yake ikafa saa sita. Keshokutwa vilevile. Wanunuzi wakaanza kuijua saa yake. Kulikuwa na mama mmoja wa sabuni aliyekuwa akiharakisha kufika kabla haijafa, kama mtu anayewahi dirisha la posta.

Mtu mtulivu angeuliza: ni nini kinachotokea deponi saa sita? Mimi niliuliza ni nini kinachotokea duniani saa sita. Jua liko utosini, nikawaza, na bati letu ni jembamba, kwa hiyo ni joto. Nikalowesha shuka la mama, nikalitandaza juu ya paa. Mashini ikafa, na yaya akadondokewa maji shingoni. Basi ni umeme, kwa sababu saa hiyo wake wa mji mzima wanawasha majiko yao. Nikazunguka nyumba za jirani nikiwaomba wapike mapema. Walinisikiliza kwa huruma, huku wakiangalia kama nina homa. Basi ni foni, ile nyumba ya pili yenye redio ya mawimbi, watu wanapolipa ili kuongea na ndugu zao walioko upande mwingine wa vita. Nilikwenda kumwomba mwenye foni asiirushe sauti saa sita. Mlangoni walikuwa wameketi mama na papa waliongojea tangu asubuhi kusikia kama mtoto wao yu hai. Walinitazama. Niliondoka kinyumenyume nikiomba radhi hadi nikafika barabarani.

Nikajaribu njia ya shule. Nikaiamuru programu itangaze kila hatua kwenye skrini kabla ya kuifanya: sasa natafuta mstari mtupu, sasa naandika, sasa nimemaliza. Ikifa, nitaona imefia wapi. Siku hiyo haikufa. Nikayaondoa matangazo, kesho yake ikafa. Nikayarudisha, ikapona. Yaya akasema mashini hii ni kama mume wake wa zamani, inatenda mema ikiangaliwa tu. Tungeyaacha matangazo yabaki, lakini tonton alishindwa kuona gunia zake katikati ya maneno yote yale, na patron akasema hakununua mashini ili imueleze maisha yake.

Mchana watu wakipungua nilikaa mwenyewe kwa yaya, nikaandika, nikakimbia kuzunguka ukuta mpaka kwa tonton, nikaandika, nikarudi mbio. Nilifanya hivyo mpaka shati likanigandia mgongoni. Haikufa hata mara moja. Tonton alininyanyulia miguu yake nipite.

Hapo ndipo patron aliponiita nje, tusimame karibu na gunia za chumvi. Alikuwa na kikosi cha watu wanaosukuma baiskeli mpaka Bengamisa: wanakwenda na chumvi na sabuni, wanarudi na mchele. Barabara hiyo gari haikuipita tena kwa matope na kwa vita. Baiskeli yenyewe haipandwi. Unaifunga fimbo kwenye usukani, unaibebesha gunia mpaka isionekane, unaisukuma. Mmoja wa watu hao alikuwa ameumia goti.

"Baiskeli zitarudi," akasema patron. "Zikifika na hii mashini ingali nakufa, safari ya kwenda, wewe utakamata ya ule mwenye goti. Mutu hawezi kula kwangu kwa sababu ya kuangalia."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha. Nilianza kuiwaza Bengamisa. Niliwaza mikono yangu, ambayo ilikuwa haijabeba kitu kizito kuliko kamusi. Niliwaza miteremko, ambako mzigo hukusukuma wewe. Niliwaza askari wa vizuizi wakiniuliza kazi yangu, nami nikiwaeleza. Na kwa kuwa Kisangani ni mji wa toleka, kila mtu anabebwa nyuma ya baiskeli, kengele hazinyamazi kutwa. Kila ilipolia kengele nje, nilichungulia mlangoni: zimefika. Kwa jioni moja baiskeli za Bengamisa zilifika mara nyingi sana.

Sijasema bado habari ya sala, kwa sababu hata mimi wakati ule sikuiona. Ilikuwa sehemu ya siku, kama ukuta. Patron alikuwa Mkatoliki wa kweli. Saa sita, kengele ya kanisa kubwa ikilia kule mtoni, alisimama mlangoni katikati ya vyumba viwili akatuongoza katika sala ya Malaika wa Bwana. Wote tulisimama, hata wanunuzi, hata tonton ambaye kwao walisali kwa namna nyingine. Mikono ilitolewa kazini, macho yakafungwa. Mimi sikuyafunga. Nilikuwa nikiitazama mashini.

Siku moja patron aliniona. (Maana yake naye alikuwa amefungua yake, lakini hilo sikulisema.) Baada ya sala, mashini ikiwa imeshakufa, akaniambia mbele ya watu: "Nimeelewa sasa. Unaikodolea macho wakati wa sala. Ni vile inakufa."

Nilijibu kwamba kisayansi hilo haliwezekani. Kisha nikafikiri, nikaona kwamba sina uhakika.

Tangu siku hiyo alinisimamisha karibu yake na akahakikisha nimefumba. Niliona huo kuwa mwisho wangu. Mashini inakufa saa moja tu ya siku, na saa hiyo ndiyo niliyokatazwa kutazama. Nilisimama gizani nikisikia mji: kengele, toleka, mtoto wa jirani akilia, na mama wa malewa, mpishi wa kibanda cha chakula, akiingia kwa mlango wa nyuma na sufuria yetu ya mchana, akiiweka chini taratibu ili asivunje sala. Ilinukia lituma, zile ndizi za kupondwa, na samaki. Patron akasema maneno ya mwisho, sote tukasema Amina. Na hapo nikasikia kitu.

Kilikuwa mlio mmoja. Tak. Lakini ulinijia kwenye masikio yote mawili, kulia kutoka kwa yaya na kushoto kutoka kwa tonton. Kisha viti viwili vikasukumwa pamoja, kisha miguu. Kisha mtu wa kwanza katika foleni akasema, "Eeh, imekufa."

"Nani amebonyeza?" nikauliza, bado nimefumba macho.

"Ni mimi," akasema yaya.

"Ni mimi," akasema tonton nyuma ya ukuta.

Walikuwa tayari karibu na sufuria, na nikawaomba warudi, na hawakupenda. Mambo yalikuwa hivi. Samaki wa mama wa malewa hawakulingana. Kulikuwa na kipande kimoja kikubwa chenye mafuta, karibu na kichwa, na anayefika kwanza ndiye anayechagua. Patron hakuruhusu mtu kuliacha andiko katikati akaenda kula, lazima ulimalize. Kwa hiyo kila mmoja, kabla ya kengele, aliandika mzigo wake wa mwisho mpaka mwisho kabisa, akabakiza kitufe kimoja tu. Wakati wa sala mikono ilikuwa pembeni, kama patron alivyotaka, lakini kidole kilikuwa kimekwisha kujua njia. Amina, tak, sufuria. Walikuwa wakifanya hivyo tangu siku ya kwanza, kila mmoja akiamini ni ujanja wake peke yake.

"Wewe pia?" yaya akamuuliza tonton kwa uchungu.

"Miye nilizania unakimbia tu," akasema tonton.

Sasa nikaona kila kitu, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilipoona kila kitu kilikuwa kitu kimoja tu. Kila andiko jipya linauliza ubao: mstari gani ni mtupu? Linajibiwa, kisha linaandika pale. Siku nzima hawa wawili walibonyeza kila mmoja kwa wakati wake, na nilipokimbia kuzunguka ukuta sikuweza kuwa watu wawili. Ila baada ya Amina walibonyeza pamoja. La yaya linauliza, linajibiwa mstari huu. Kabla halijaandika, la tonton linauliza, linajibiwa mstari huo huo. Yote mawili yanaandika juu yake. Inabaki nusu ya sabuni na nusu ya sukari, na anwani ya mahali pasipokuwapo ndani ya kumbukumbu. Programu inakwenda kwenye anwani hiyo kutafuta mzigo wake, inajikuta uwanja wa watu wengine, na mashini inaiua. Yale matangazo yangu yalilichelewesha andiko moja kidogo, ndiyo maana mashini ilipona.

Nilitaka kuhakikisha. Walipokwisha kula (tonton alipata kile kipande) niliwaomba wabonyeze pamoja nikisema Amina. Yaya akakataa: Amina haisemwi bila sala mbele yake. Tukakubaliana niseme hop. Nikasimama mlangoni, mkono juu. Hop. Ikafa. Nikaiwasha. Hop. Ikaishi; tonton alichelewa. Hop. Ikafa. Tonton alianza kufurahia, akasema huu ni mchezo mzuri kuliko kuhesabu gunia. Hop. Ikafa tena, na yaya akapiga makofi, na tulipogeuka patron alikuwa amesimama nyuma yetu.

"Donc," akasema, "ni nyinyi batatu munaiuwaka."

Nikamweleza. Nilimweleza ubao, mstari mtupu, na anwani. Alisikiliza mpaka mwisho, akamtazama yaya, akamtazama tonton, akatazama mkono wangu ambao nilikuwa nimesahau kuushusha. Akasema watu wameziona baiskeli zake upande ule wa mto Tshopo, kesho zitafika. Akaenda zake.

Dawa niliijua. Depo ilikuwa na choo kimoja, na ufunguo wake ulining'inia kwenye msumari. Anayekwenda anachukua ufunguo. Asiyeukuta anangoja mpaka urudi. Nikauwekea ubao ufunguo wa aina hiyo: anayetaka kuandika achukue kwanza, aandike, arudishe. Ilikuwa mistari michache tu. Tukajaribu. Hop. Ikaishi. Hop. Ikaishi. Kisha tonton akakosea, akaandika idadi ya katoni kwa herufi, programu ikamkatalia, na baada ya hapo skrini zote mbili zikaganda. Haikufa, bali ilisimama tu, yaya akimngoja tonton na tonton akijingoja mwenyewe. Nilikaa chini sakafuni. Niliona vizuri kabisa matope ya Bengamisa.

Yaya aliniletea maji. Akasema, "Sasa ile ufunguo iko wapi?"

Nilitaka kumwambia kwamba si ufunguo wa kweli. Lakini niliufuata kwa kidole kwenye karatasi ya programu, mstari kwa mstari, nikafika mahali programu inapokataa andiko baya na kumtoa mtu nje. Inamtoa na ufunguo mfukoni. Nikaongeza neno moja la kuurudisha. Jua lilikuwa halijazama.

Kesho yake asubuhi baiskeli zilifika kweli. Ziliegemezwa ukutani zikiwa nyekundu kwa udongo, na wasukumaji wakaketi kivulini wakivua ndala. Mkuu wao, mtu mfupi mwenye mabega kama mlango, aliambiwa kwamba labda mimi ndiye mwenzao mpya. Akaja akanishika mkono juu ya kiwiko, akaubinya kidogo, akauachia kwa adabu. "Likambo te," akanifariji, yaani hakuna shida. "Utapata njiani."

Kengele ikalia. Tukasimama. Nilifumba macho bila kuambiwa na nikasali kwa bidii kubwa, ingawa sikumbuki niliomba mashini ipone au goti la yule mtu lipone. Amina. Tak. Viti, miguu, sufuria.

Hakuna aliyesema imekufa.

Patron aliisogelea. Akaitazama mpaka wengine wakamaliza kula. Akamwambia yaya aandike, tonton aandike. Ikaishi. Mama wa sabuni, aliyekuwa amewahi kama kawaida yake, alionekana kukasirika kidogo.

"Bon," patron akasema. "Imepona."

Nilikuwa karibu kulia.

"Alors, kama imepona," akaendelea, akiitazama mashini kisha mimi, kama mtu aliyenunua dawa na akabaki na chupa, "wewe sasa unafanya kazi gani?"

Nilikuwa nimewaza joto, umeme, mawimbi ya redio, dhambi zangu, miteremko, vizuizi vyote hadi Bengamisa. Hili sikuliwaza. Nje, mkuu wa wasukumaji alianza kuipima baiskeli ya mwenye goti kwa urefu wangu.

Nadhani ningekwenda. Aliyeniokoa ni yaya, wala hakukusudia. Alikuwa ameufikiria ule ufunguo tangu jana, na sasa akaniuliza mbele ya wote: tukibonyeza pamoja, nani anapita mbele?

Nikasema, aliyetangulia kuchukua ufunguo. Mwingine anangoja.

"Anangoja," akarudia yaya. "Leo nani amengoja?"

Nikasema sijui, ni muda mdogo sana, jicho halioni. Ilikuwa kweli, na ilikuwa kosa kuisema.

Yaya akasema yeye ni damu ya patron na ndiye aliye mbele ya wateja. Haiwezekani akae anamngoja mtu wa ghala. Tonton akatoka nyuma, taratibu, mfupa wa samaki bado mkononi. Akasema yeye ni mukubwa kwa miaka, ana wajukuu, na tena mzigo usipoingia kwake hakuna cha kutoka kwa yaya. Kwao mtoni, mwenye umri hangoji nyuma ya mutoto. Yaya akauliza nani mutoto. Nikarudia kwamba ni muda mdogo kuliko kupepesa jicho. Tonton akanijibu kwa upole kwamba heshima haipimwi kwa saa. Wanunuzi wakasogea karibu. Mmoja aliunga mkono umri, mwingine undugu, na mama wa sabuni akasema lolote litakalokuwa, yeye alifika wa kwanza.

Patron alivua miwani. Binti wa shangazi yake upande huu. Mtu mzima, ambaye yeye patron humwita papa, upande ule. Na wote wawili, nilijua, asingeweza kuwapata wengine kama wao. Akanigeukia mimi. Katika uso wake niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa patron, nacho ni mashaka. Nilikitambua mara moja.

"Panga zamu," akasema. "Mara moja huyu, mara moja huyu. Hivi hakuna mutu ya mbele."

Sasa, ile fotokopi ilisema jambo hili wazi, katika ukurasa usiofifia: usifanye zamu. Nikamwambia. "Papa, zamu ikiwa ya tonton na tonton hana cha kuandika, yaya atakwama. Lazima tonton abonyeze bure, ili apitishe. Na mmoja asipokuwapo, mwingine hataandika kitu siku nzima."

"Asipokuwapo," patron akasema, "utakaa kwa kiti yake, utabonyeza."

"Kila siku?"

"Aya wewe, si ndiyo kazi?"

Akatoka kuwaambia wa baiskeli wamtafute mtu mwingine. Mkuu wao aliitikia haraka kuliko nilivyopenda.

Niliandika zamu jioni ile ile, ikawa kama nilivyosema, mbaya kabisa. Yaya anauza sabuni, anasimama, anapiga kelele kupitia tundu la bomu: "Tonton, pitisha!" Nyuma inajibu, "Nimepitisha." Tak. Anauza nyingine. "Pitisha!" Wanunuzi walizoea, baadhi yao walisaidia kuita. Yaya na tonton waliridhika sana, kwa kuwa kila mmoja, katika kumngojea mwenzake, alijua kwamba mwenzake naye atamngoja. Mashini haikufa tena.

Siku baiskeli zilipoondoka, yaya alikuwa kwenye matanga ya jirani. Nilikaa kwenye kiti chake, mbele ya kaunta. Nje walikuwa wakifunga chumvi kwa kamba, wakibishana kuhusu njia ya kupita; mwenzao mpya alikuwa kijana mnene aliyekuwa akicheka. Mimi sikuwa na cha kuandika. Ghala lilikuwa linapokea katoni, nyingi.

"Ingénieur," tonton akaita nyuma ya ukuta. "Pitisha."

Nikaangalia kwanza kama kweli ilikuwa zamu yangu. Ilikuwa yangu. Nikaangalia tena, kisha nikabonyeza.